Ufukweni peleka gari la rimoti la bei nafuu

Gari la rimoti lenye mota isiyo na brashi, betri ya seli tatu na magurudumu manne yanayovuta yote lina mahali pake, na mahali hapo si ufukweni. Pwani peleka gari la kawaida la kipimo cha 1/10, yaani sehemu ya kumi ya gari halisi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mota ya brashi ya saizi ya kawaida iitwayo 540, plastiki tupu bila mapambo ya alumini. Najua kwenye mchanga mlaini lile la magurudumu manne litaliacha mbali. Lakini tuhesabu spea. Hilo la magurudumu manne lina difu mbili, mara nyingine tatu, shafti ya katikati, na beringi ambazo kwa kawaida hupita ishirini. La nyuma tu lina difu moja na beringi chache unazoweza kuzibadilisha zote bila kuuza simu. Tena magurudumu ya mbele yanapovuta huchota mchanga na kuurusha moja kwa moja kwenye mota na gia.

Wajapani wa kampuni ya Tamiya walilielewa jambo hili mapema. Sand Scorcher yao ya mwaka 1979 ilivuta kwa nyuma, na vifaa vya redio vilikaa ndani ya sanduku la plastiki lililozibwa maji yasiingie. Magari mengi ya leo yana nguvu kuizidi, ila risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, na nyaya zake zimeachwa wazi, kisha boksi linaandikwa kwamba gari haliingii maji. Maji gani? Maandishi hayo ni ya dimbwi la mvua. Hayakuahidi chochote kuhusu chumvi, na ukisoma kijitabu chake utakuta mara nyingi chumvi imekatazwa waziwazi.

Mchanga nao haufanani. Ule mweupe wa Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, umetokana na matumbawe na makombe, na ni laini kuliko chuma cha beringi. Kunduchi na Malindi mito huleta mchanga wa bara wenye kwatzi, madini magumu yanayokwaruza chuma. Kwenye mchanga wa namna hiyo shafti za shokapu hupata mikwaruzo, sili zake hukatika, na oili huanza kuvuja. Zivalishe vifuko vya mpira. Vidole vya glovu nyembamba ya hospitali vilivyokatwa ncha na kufungwa kwa uzi juu na chini vinatosha.

Mchanga mweusi ni kesi nyingine, kwa sababu sehemu yake hunaswa na sumaku, na mota ina sumaku ndani. Kabla ya kuwasha gari, funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki na uiburute hatua kama kumi. Ikirudi na ndevu nyeusi, ziba matundu ya mota kwa kipande cha soksi ya nailoni na upunguze muda wa kuendesha, maana mota iliyozibwa haipumui vizuri. Ikirudi imejaa kabisa, tafuta ufukwe mwingine.

Sehemu ya kuendeshea ni ule mkanda ambao maji yameuacha karibuni, ukiwa bado na unyevu. Ukanyage kwa kisigino. Alama ya nusu sentimita ni njia nzuri, na tairi za kawaida zenye vijino vifupi zitashika. Ukiona mchanga unang'aa kwa maji na alama inajijaza, ondoka hapo. Gari likisimama litazama hadi kwenye chasi, na ukiongeza mwendo litajichimbia zaidi. Juu kabisa, kwenye mchanga mkavu, unahitaji tairi za nyuma zenye makasia, yaani vibao vya mpira vinavyochota mchanga, na za mbele nyembamba zenye mstari mmoja wa katikati ili usukani ushike. Makasia yanapendeza kwenye picha kwa lile pazia la mchanga linaloruka nyuma. Kwenye mchanga mgumu, hata hivyo, huligongesha gari kila yanapozunguka, na mtikisiko huo hulegeza skrubu. Ukitaka kujitengenezea, kata vipande vya mpira wa ndani wa tairi la lori, vinane kwa kila gurudumu, uvigandishe kwa supaglu kwenye tairi iliyokwisha vijino. Soli ya ndala isikushawishi, itachanika mapema.

Saa ya kwenda isome kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya Unguja na Dar es Salaam hupwa sana karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi jioni. Tofauti ya kina hufika mita tatu na nusu na zaidi. Hapo unapata uwanja mpana kuanzia saa tatu hadi mchana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkanda unyevu ni mwembamba, na maji hupwa jioni. Usihadaike na utulivu wa saa ya kwanza maji yanapogeuka. Saa ya tatu na ya nne tangu yageuke ndizo za kasi, na kila moja huleta karibu robo ya kimo chote, yaani kama mita moja siku ya bamvua. Kwenye ufukwe tambarare mita hiyo ni safari ndefu sana ya maji kuja ulipo, na mara nyingi hupita kwanza kwenye vijito nyuma yako.

Sasa gia, ambazo ndizo huunguza mota za watu wengi. Mchanga ni mlima usio na kilele, mota haipati nafasi ya kupumzika. Gia ndogo ya kwenye mota yenye meno 20 itoe, weka ya 17 au 16. Utapoteza asilimia 15 hadi 20 ya mwendo wa juu, mwendo ambao mchangani usingeufikia hata hivyo. Unapoipanga, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zibane, kaza mota, kisha zungusha gia karatasi itoke. Baada ya dakika tano simamisha gari upime mota kwa kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola kilichozoeleka tangu Uviko. Ikipita nyuzi 80, punguza meno mengine au ulipumzishe gari. Na gia za wazi zisipakwe grisi. Grisi ikichanganyika na mchanga inakuwa msasa wa kupaka, na meno ya plastiki hayadumu. Grisi ni ya ndani ya boksi la gia lililofungwa, na kwenye maungio ya boksi lenyewe kama kizibo.

Kwenye umeme, jambo moja hupuuzwa sana: rimoti inapokata mawasiliano, gari lifanye nini? Risiva nyingi huruhusu kuliwekea amri ya kukata mwendo au kufunga breki. Iweke, kisha ijaribu nyumbani magurudumu yakiwa hewani, kwa kuzima rimoti. Mawimbi ya rimoti ya 2.4 GHz hupungua nguvu antena inapokuwa chini karibu na ardhi yenye maji, na upande wa bahari hakuna ukuta wa kulizuia gari. Simamisha antena kwenye kijiti chake badala ya kuikunja ndani. Kama unatumia betri ya lithiamu ya aina ya LiPo, hakikisha kidhibiti mwendo kiko kwenye hali ya LiPo, kikate umeme karibu volti 3.3 kwa seli. Vidhibiti vya bei nafuu mara nyingi huwa na kidude kidogo cha kuhamisha kwa mkono, na huweza kuja kikiwa upande wa betri za nikeli (NiMH).

Wimbi likilipiga, kitu cha kwanza ni kuchomoa betri, hata kama gari bado linatembea. Maji ya bahari hupitisha umeme, na betri ikibaki imechomekwa, mkondo hupita kati ya pini na kula shaba ya upande chanya. Ile kutu ya kijani huanza mapema mno, si baada ya wiki. Betri ya LiPo iliyozama iweke nje, mbali na vitu vya kuungua, uiangalie. Ikivimba hairudi kazini.

Kusafisha kuna mpangilio wake. Mchanga mbichi hung'ang'ania, hivyo subiri ukauke kidogo uupige brashi ya kupakia rangi. Mwaga chupa ya lita moja na nusu ya maji yasiyo na chumvi hapo hapo ufukweni, na ndani ya saa moja hivi fanya usafi kamili nyumbani: bodi nje, magurudumu nje, suuza kwa maji yasiyo na presha. Presha husukuma mchanga ndani ya beringi. Angalia pia maji yenyewe. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya kunywa. Kausha kwa upepo, puliza WD-40, ile dawa ya kopo ya kufukuza maji, kwenye vyuma, iache itiririke pamoja na maji, kisha tia tone moja la oili nyepesi kwenye kila beringi, kwa sababu WD-40 pekee haikai. Tairi zikamue. Sponji ya ndani hunywa maji kupitia matundu ya rimu na kuyahifadhi siku kadhaa.

Skrubu zisizoshika kutu ni ununuzi mzuri, ila zikiingia kwenye alumini na kukutana na chumvi huganda zisitoke tena. Zipake grisi kwenye nyuzi kabla ya kufunga. Hii ni sababu nyingine ya kulipenda gari la plastiki.

Kuna mahali gari lisipite kabisa. Maji yakipwa Paje na Jambiani, ule uwanja ulio wazi ni shamba la mwani. Vigingi na kamba vina wenyewe, na kamba ikijisokota kwenye ekseli hasara ni ya pande mbili. Juu ya mstari wa maji kujaa kasa hutaga, Watamu, Mafia na kwingineko, na mayai hukaa karibu miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Mtoto wa kasa ana urefu wa sentimita tano hivi, kwa hiyo mfereji ulioachwa na tairi la makasia ni kikwazo kwake anapoelekea baharini. Palipowekewa alama ya kiota geuza gari, na kwingine fukia mifereji kwa mguu kabla ya kuondoka.

Betri ikirudi nyumbani ipoe kwanza, kisha iache kwenye volti 3.8 kwa seli. Kesho yake zungusha kila gurudumu kwa kidole karibu na sikio. Beringi inayosaga ing'oe siku hiyo hiyo, maana ikishaganda huondoka na kishikio cha gurudumu.