Shangazi hajui sanaa, anajua khanga

Kila nikimwambia shangazi yangu twende kwenye maonyesho ya picha, jibu lake ni moja: "Mimi huko nikafanye nini, mwanangu? Sanaa siijui." Mtu huyohuyo juzi nilikuwa naye Kariakoo ananunua doti moja ya khanga, tukamaliza saa nzima na ushee.

Mngemwona. Kwanza anasoma jina. Muuzaji akamkunjulia moja ya zambarau, mji wake, yaani katikati, korosho, pindo limetulia, ila jina lilikuwa la mafumbo ya ugomvi. "Irudishe. Nikipita nayo mtaani wataanza kuulizana nimegombana na nani." Ya pili jina zuri, lakini pindo la upande mmoja lilichapwa likapinda. Ya tatu akaifikicha kwa vidole: "Wanga mtupu huu, ukiifua mara mbili inakuwa chandarua." Ya nne, nyekundu na nyeusi, akanipa mimi niishike mlangoni kwenye mwanga. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kimya. Muuzaji naye akanyamaza.

Zile hatua mbili ndizo mtu anazopiga mbele ya picha. Sasa nani kamwambia hajui sanaa?

Tumemwambia sisi tunaopenda kwenda huko. Kuna ufunguzi mmoja nilihudhuria hapa Dar, ukumbi siutaji. Tangazo lilisema kiingilio bure, mlinzi getini akaniuliza mwaliko uko wapi. Ndani, maelezo yote ukutani Kiingereza, hotuba Kiingereza, tena ndefu. Msanii mwenyewe, Mswahili kama mimi, alisimama pembeni ya kazi yake kashika glasi ya juisi kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana wala bibi. Sambusa, nakiri, zilikuwa nzuri.

Si kote hivyo. Nafasi Art Space kule Mikocheni, iliyopo tangu 2008, mimi hupenda kwenda hata pasipo na maonyesho, kwa sababu wasanii wanafanyia kazi palepale, ndani ya makontena. Unapita, unakuta mtu anachomelea chuma chakavu, mwingine anagombana na turubai lake. Ukiuliza swali la kijinga unajibiwa. Nimeuliza mengi.

Kwenye muziki hatuna tabu hiyo hata kidogo. Nenda dansi la Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, au la Sikinde, iliyoanza 1978, ukae meza ya pembeni uangalie watu. Mzee wa suti anasikiliza nyimbo tatu hajatikisika. Zikifika zile tarumbeta anazozingoja, anainuka taratibu, anakatiza ukumbi, anambandika mpulizaji noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, anarudi kukaa. Ngoma ikiingia chemko, pale mwendo unapochangamka, ndipo anamshika mama mkono. Hakuna aliyemfundisha darasani wakati wa kumtuza mtu. Na akiona wamepiga ovyo hainuki, na bendi nzima inajua kwa nini.

Picha zetu hazina mzee wa namna hiyo, na hapo ndipo zinapoumia. Chukua picha za tingatinga. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza mwaka 1968 pale Oysterbay, akichorea rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao. Alifariki 1972, wanafunzi wake wakaendeleza, na ushirika wao bado upo. Wengi wetu tunazidharau: "za watalii hizo." Kweli, nyingi zinajirudia, twiga wawili na Kilimanjaro nyuma na jua kubwa jekundu. Lakini mtalii ananunua, anapanda ndege. Harudi kesho kulalamika kwamba twiga mguu mmoja mfupi. Khanga imefika ilipofika kwa sababu wanunuzi wake ni wagomvi, wanaijua, na wanakaa mtaa uleule. Mchoraji wa tingatinga atagombana na nani?

Basi Jumamosi nikamdanganya shangazi kwamba kuna mtu naenda kumwona mara moja huko Oysterbay. Tulipofika akagundua, akanikata jicho, lakini alishashuka kwenye bajaji. Kijana mmoja alikuwa chini anachora samaki, kopo la rangi ya mafuta kati ya magoti, anatia nukta za magamba moja moja kwa brashi yenye nywele chache. Shangazi akasimama nyuma yake muda mrefu. Halafu akaanza. Rangi hii ikipigwa jua haipauki? Ikiingia vumbi inafutwa na nini? Mbona huyu jicho lipo huku? Kijana akaweka brashi chini, akageuka, wakaingia kwenye mazungumzo ambayo mimi sikuwa na nafasi. Bei aliitaka, akaguna, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Kijana akacheka, wateja wa hivyo anawajua.

Kwenye bajaji ya kurudi alikaa kimya mpaka tukafika Salenda. Ndipo akasema, "Yule wa kushoto kamharakisha."

"Nani, shangazi?"

"Samaki. Wa kulia katulia naye, wa kushoto kamharakisha. Magamba ya mkiani kayapiga ovyo, labda njaa ilikuwa inamuuma."