Anzeni na kitasa

Makala imesifu mashine za kukagua vyuma kwenye mageti ya shule za Marekani ili kuzuia wauaji wenye bunduki. Sawa, lakini ningeanza na kitasa cha darasa. Shule ya Sandy Hook, iliyoshambuliwa na mtu mwenye bunduki 2012: milango ya madarasa ilifungwa kwa ufunguo upande wa korido tu, yaani mwalimu atoke nje kwanza ndipo afunge! Kwenye shambulio la shule ya Uvalde, 2022, vitasa vilikuwa vya aina hiyohiyo, na polisi wakachukua dakika 77 kumkabili muuaji. Kinachofaa ni kitasa cha kubonyeza kwa ndani, kinachofunguka kwa mzungusho mmoja moto ukizuka. Makomeo ya kuongezea juu ya kitasa hukwamisha watoto wakati huo wa moto. King'ora nacho kina mtego: kwenye shambulio la shule ya Parkland, 2018, risasi ziliwasha king'ora cha moto, wanafunzi wa ghorofa ya juu wakadhani ni moto, wakamiminika koridoni kwenye hatari.