Cheti huandika "nimonia" tu
Makala niliyoisoma inataka kamati zinazopitia vifo vya watoto zitazame umaskini na makazi, si ugonjwa pekee. Naunga mkono. Cheti cha kifo kikiandika "nimonia", hakisemi kwamba mtoto alikuwa akilala na watu sita katika chumba kimoja chenye moshi wa kuni, wala kwamba mama alisubiri siku mbili kwa kukosa nauli, na baba mwenye kauli ya mwisho hapatikani. Hayo ndiyo yanayozuilika! Ila mzazi akihisi kikao kinatafuta wa kulaumiwa, atafunga mdomo (nani asingefunga?). Lengo la dunia kufikia 2030 ni vifo visivyozidi 25 vya walio chini ya miaka 5 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Madaktari peke yao hawatatufikisha. Maofisa ustawi wa jamii nao waitwe, tena wawe na bajeti.