Ujerumani walinigeuzia droo juu chini

Wakuu, nina miaka sita huku Ujerumani, mji mdogo karibu na Stuttgart, kazi yangu useremala, na kabla ya hapo nilikuwa fundi Keko pale Dar, kwa hiyo haya siyasemi kwa kusikia.

Mwaka wangu wa pili wa mafunzo nilimaliza kabati dogo, mbele linang'aa, nimepiga msasa mpaka mkono umekufa ganzi. Bosi akaja, mbele hakuangalia kabisa. Akachomoa droo, akaigeuza, akapitisha kiganja upande wa chini ambao hamna mtu atakuja kuuona, akakuta gundi imeganda kwenye kona. Akaiweka mezani, akasema rudia, akaondoka zake. Hakugomba. Nilikasirika sana maana Keko ile droo ingekuwa ishauzwa na hela ishaliwa, ila usiku nikawa najiuliza, hivi kazi zangu zote nilizoziacha Dar huko chini zikoje?

Sasa nyumbani watu wanapenda kusema Wazungu wanajua kazi sisi wavivu. Hapo nakataa kabisa. Fundi wa Keko anakutolea kitanda cha mninga kwa patasi na randa ya mkono, umeme umekatika, jua la saa nane, na kitanda kinatoka kizuri, wakati huku vijana wengi niliosoma nao ukiwazimia mashine wanakaa. Mkono tunao. Kinachotuua ni advansi na mbao mbichi.

Mteja anatoa advansi, fundi anainunulia mbao za mteja aliyetangulia maana hela ya yule ilishaenda kwenye kodi ya nyumba, sasa ili kazi yako ianze lazima apatikane mteja wa tatu, ndo pale unasikia njoo Ijumaa, njoo Jumatatu. Na mbao ikipatikana inashushwa leo inachongwa kesho, bado ina maji. Mimi nilimtengenezea shangazi yangu kabati la hivyo. Mwezi wa kwanza milango inafunga safi, mbao zilipokuja kukauka mlango mmoja ukajipinda, bawaba zikang'oka, na shangazi hakunilaumu hata kidogo, akaufunga na kamba. Ile kamba inaniuma mpaka leo.

Huku mbao ya fanicha ya ndani inapimwa na kimashine, unyevu uwe kama asilimia 8 hadi 12, ikizidi haiguswi. Mafunzo miaka 3, na mwisho unachora na kutengeneza kazi yako mwenyewe, wakaguzi wanakuja kuichokonoa. Kufungua karakana ya useremala kwa kawaida lazima uwe na cheti cha juu cha umaista, yaani fundi mkuu. Mwaka 2004 sharti hilo walilifuta kwa fani 53, useremala ukabaki, halafu 2020 wakalirudisha kwa fani 12 wakiwemo waweka vigae, maana ubora na mafunzo vilianza kuwatia wasiwasi. Yaani hata wao ukilegeza kamba wanateleza kama sisi tu.

Na wateja wa nyumbani nao mjiangalie jamani, unampa fundi bei ya plaiwudi unataka mninga, tena unaitaka kabla ya harusi ya wiki ijayo. Huku mteja anaambiwa subiri miezi miwili na anasubiri.

Mdogo wangu ana karakana Mbagala. Badala ya kumtumia hela ya kula nikamtumia ya mbao tupu, tukakubaliana advansi ya mteja isinunue mbao ya mtu mwingine. Mbao za mninga amezipanga chini ya bati, vijiti katikati upepo upite, tangu mwezi wa tatu. Juzi kanipigia, kuna mama kaja na hela mkononi anataka kitanda, kaziona zile mbao, anazitaka hizo hizo. Dogo kamwambia hapana mama, hizo bado, njoo mwezi wa kumi. Mama kaondoka amenuna, jana karudi kuandikisha jina.