Mteja amefutwa, vekta yake imebaki

Mjadala wa mahali pa kuhifadhi vekta, yaani orodha ndefu za namba ambazo modeli ya akili bandia hutengeneza kuwakilisha maana ya maandishi, umegeuka kuwa mashindano ya milisekunde. Upande mmoja unasema zikae ndani ya PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, pamoja na data nyingine, kwa kiendelezi (programu ya nyongeza) cha pgvector kilichoanzishwa na Andrew Kane mwaka 2021. Upande wa pili unasema kazi hii ina mabingwa wake, hifadhidata zilizojengwa kwa ajili ya vekta: Pinecone, Milvus, Qdrant, Weaviate. Kila wiki kuna jedwali jipya la vipimo vya kasi, na anayetangulia kidogo anahesabiwa ameshinda hoja nzima. Swali ninalolikosa humo ni hili: mstari wa jedwali wenye maandishi yaliyozaa vekta ukifutwa, vekta inakwenda wapi?

Tuchukue SACCO ya Nairobi yenye dawati la malalamiko. Mwanachama mmoja anaandika "pesa imekatwa lakini haijaingia". Mwingine anaandika "malipo yangu yamekwama". Hakuna neno hata moja linalofanana, lakini vekta za jumbe hizo zinakaa jirani, na mhudumu akitafuta wa kwanza anaupata na wa pili. Faida hiyo ni ya kweli, hasa kwa lugha yenye viambishi vingi kama yetu, ambamo utafutaji wa neno kwa neno unakosa mengi.

Sasa mwanachama wa kwanza anajitoa na kudai taarifa zake zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa haki hiyo kwa taarifa ambazo chama hakina tena ruhusa ya kuzishikilia. Vekta ikiwa ni safu katika jedwali la jumbe, au iko jedwali la pembeni lenye ufunguo wa kigeni (kiungo kati ya majedwali) wa ON DELETE CASCADE, yaani mstari ukifutwa na kinachoutegemea kifutwe, amri moja inamaliza kazi ndani ya muamala mmoja: ama vyote viondoke, ama kisiondoke chochote. Ikiwa ujumbe uko PostgreSQL na vekta iko kwenye huduma nyingine, kufuta kunakuwa safari mbili. Ya kwanza inafaulu, mtandao unakatika, ya pili haifiki. Mhudumu anaona "imefutwa" na anamjibu mwanachama kwa nia njema kabisa.

Kibaya zaidi, mifumo mingi huweka maandishi yenyewe kando ya vekta ili matokeo yarudi haraka. Kwa hiyo kilichobaki kule si namba tupu, ni malalamiko ya mtu na maneno yake.

Wapo watakaosema basi tusiweke maandishi, tuache namba pekee, kwani nani atasoma orodha ya namba 1,536 akamjua mtu? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba anayeweza kuitumia modeli iliyotengeneza vekta anaweza kukisia maandishi, kuyageuza vekta, kulinganisha na kurekebisha, hatua kwa hatua. Kwa maandishi ya tokeni 32 (tokeni ni vipande vya maneno ambavyo modeli husoma), waliyapata neno kwa neno katika asilimia 92 ya majaribio. Nimelirudia kulisoma hilo mara kadhaa. Tokeni 32 ni takriban urefu wa ujumbe wa malalamiko. Walipojaribu kwenye maandishi ya hospitali, waliweza kupata hata majina kamili ya wagonjwa. Ni kweli kwamba maandishi marefu yanawashinda zaidi, na kelele kidogo ikiongezwa kwenye namba inavuruga mbinu yao. Lakini modeli zinazotumiwa sana ziko wazi kwa yeyote mwenye akaunti. Vekta basi ni nakala ya maneno ya mtu katika mwandiko mwingine, na ninaona inastahili ulinzi ule ule wa maneno yenyewe. PostgreSQL ina ulinzi huo tayari: ruhusa, sera za nani aone mstari upi, nakala rudufu za pamoja.

Isidhaniwe kwamba huko kila kitu ni safi. Amri ya kufuta, DELETE, haichomi mstari papo hapo: inauwekea alama, usionekane tena, usubiri VACUUM, yaani usafishaji wa baadaye, na VACUUM juu ya faharasa ya HNSW, ramani inayounganisha vekta zilizo jirani ili zipatikane haraka, inaweza kuchukua muda mrefu. Nakala rudufu za mwezi uliopita nazo bado zina kila kitu. Tofauti ni kwamba deni hilo liko mahali pamoja, na msimamizi analijua.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kumbukumbu ya seva (RAM), na hapo wana haki. Katika pgvector kila namba inachukua baiti 4, na vekta nzima inaongezewa 8. Vekta ya namba 1,536 ni baiti 6,152, na milioni moja ni zaidi ya GB 6. Faharasa ya HNSW inazibeba upya, na kwa kuwa ukurasa wa PostgreSQL, yaani kipande kimoja cha hifadhi, ni baiti 8,192, ndani yake inaenea moja tu, hivyo faharasa peke yake inafika karibu GB 8. Isipoenea kwenye RAM, utafutaji unazorota, na seva hiyo hiyo ndiyo inayoandika marejesho ya mikopo. Aina ya halfvec, iliyokuja mwaka 2024 na toleo la 0.7.0, inatumia baiti 2 kwa kila namba na kupunguza mzigo kwa takriban nusu. Kwa vekta mamilioni, inatosha. Kwa mabilioni, injini zilizojengwa tangu mwanzo kugawa kazi kati ya mashine nyingi zinastahili bei yake.

Lawama ya zamani dhidi ya pgvector kuhusu uchujaji, kwa upande mwingine, imepitwa na wakati. Awali faharasa ilileta wagombea 40 kwanza, kisha WHERE, sharti la mtafutaji kama vile tawi fulani tu, ikachuja. Kama tawi lako lina asilimia 10 ya jumbe, ulibaki na matokeo kama manne. Tangu toleo la 0.8.0 unaweza kuiamuru iendelee kutafuta hadi yatoshe. Bado wanaonukuu kasoro hiyo ni wengi.

Kwa SACCO yetu, yenye jumbe laki kadhaa, sioni sababu ya kuzitoa vekta nje. Siku zikifika mamilioni mengi na marejesho yakaanza kuchelewa, zihamishwe, ila kwa sharti. Muamala unaofuta ujumbe uandike pia agizo la kufuta vekta katika jedwali la kazi zinazosubiri, lirudiwe hadi huduma ya nje ikiri kupokea. Kisha kila usiku vitambulisho vya pande mbili vilinganishwe, na kila vekta isiyo na mstari iondolewe kabla dawati halijafunguliwa asubuhi.