Timu inayonyang'anywa nyota wake, na jukwaa linalojaa kila siku

Aliyekulia kwenye ushabiki wa Simba na Yanga akikaa jukwaani kwenye besiboli ya ligi ndogo Marekani, huenda akadhani amepotea njia. Timu ya nyumbani inapigwa, na jirani yake ameinuka taratibu kwenda kununua soseji. Mchezo ukisimama kidogo, watoto wanakimbizana na mtu aliyevaa vazi la joka. Wakosoaji husema hiyo ni sarakasi iliyopachikwa mpira.

Hoja yao ina uzito. Wachezaji ni mali ya timu mama ya ligi kuu: ndiyo inayowalipa, ndiyo inayoamua nani apande na lini. Mwenye timu ya mjini amebaki na tiketi, chakula na burudani. Msimu wa 2022, Elly De La Cruz, kijana kutoka Jamhuri ya Dominika, alianza na Dayton Dragons huko Ohio. Katika mechi 73 aliupiga mpira ukavuka uzio mara 20. Ilipofika Julai, Cincinnati Reds, timu mama ya Dayton, wakampeleka timu yao nyingine ya Chattanooga, daraja moja juu. Dayton haikuuza mchezaji; ilimwona tu akiondoka. Sasa shabiki anashangilia nini?

Jibu liko hapohapo Dayton. Tangu timu hiyo ianze mwaka 2000, tiketi za kila mechi ya nyumbani ziliisha. Julai 2011 ikafika mechi ya 815 mfululizo, ikaipiku rekodi ya michezo ya kulipwa nchini humo, mechi 814 za Portland Trail Blazers. Namba hii siachi kuirudia. Trail Blazers ni timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu, iliyowahi kutwaa ubingwa. Dragons ni vijana ambao wengi wao hawatafika ligi kuu kamwe, na anayeng'ara huchukuliwa. Tena ndani ya miaka hiyo mji uliumia: mwishoni mwa 2008 General Motors ilifunga kiwanda chake cha Moraine, kando ya Dayton; mwaka 2009 NCR, kampuni iliyozaliwa mjini humo, ikatangaza kuhamishia makao yake makuu Georgia. Viti zaidi ya 7,000 viliendelea kujaa. Fataki zinaweza kumvuta mtu Ijumaa moja au mbili. Mechi 815 zinataka sababu nyingine.

Kwangu, sababu ni namna mchezo wenyewe unavyomkaribisha mtu. Kandanda haikuruhusu kugeuza shingo. Besiboli ina pumzi kati ya mrusho na mrusho, na katika pumzi hiyo babu anamweleza mjukuu kwa nini yule mdakaji amesogea, au majirani wanaulizana habari za mgonjwa. Ni barazani hasa, isipokuwa mbele yenu kuna kijana wa miaka ishirini anayejifunza kazi, karibu kiasi cha kusikia mpira ukigonga glavu. Anakosea, keshokutwa anarekebisha, nanyi mmeyaona yote mawili. De La Cruz alipoingia ligi kuu Juni 2023, Marekani nzima ilikuwa inamgundua mtu ambaye Dayton ilishamfahamu.

Ndiyo maana uamuzi wa 2021 bado unaniuma. Ligi kuu ilipunguza timu shirika, yaani timu za ligi ndogo zilizofungamana na timu mama, kutoka 160 hadi 120, nne kwa kila timu mama. Sababu zilizotolewa zilikuwa viwanja chakavu, safari ndefu na maslahi ya wachezaji. Baadhi ya viwanja kweli vilikuwa vibovu. Lakini hesabu ilifanywa kana kwamba kazi ya jukwaa ni kulea wachezaji tu, na miji iliyoachwa ikaambulia ligi za kujitegemea au timu za wanafunzi wa vyuo wakati wa kiangazi, mingine ikakosa timu kabisa.

Kuhusu mishahara, waliolalamika kwamba wachezaji wanalipwa kidogo walikuwa sahihi kabisa. Hadi 2022, mchezaji wa daraja la Dayton alianzia dola 11,000 hivi kwa mwaka, mbele ya jukwaa lililojaa. Kilichobadilisha hali hiyo zaidi ya yote ni wachezaji wenyewe kuingia kwenye chama cha kutetea wachezaji Septemba 2022. Mkataba wa mwaka uliofuata ukapandisha kiwango hadi dola 27,300. Mwaka huohuo, Dayton iliendelea kujaza uwanja.