Kesi Ndogo ya Elfu Tisini

Nilikuwa nimesimama mlangoni na simu sikioni, na mama mwenye nyumba anaanika mihogo hatua tatu kutoka kwangu.

"Ndiyo kaka, kesi nimeipata," nikasema. "Ndogo tu. Jamaa alitaka laki na ishirini, tumevutana mpaka elfu tisini. Nalipa leo jioni yaishe."

Nilipokata simu, kipande cha muhogo kilikuwa kimesimama hewani mkononi mwake.

"Mwanangu, umeiba nini?"

Marehemu mume wake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambini, hakizunguki. Nikamweleza kwamba kesi hii haina polisi, ni sanduku la chuma la kuwekea vyombo vya kompyuta. Akaitikia kwa kichwa. Usiku nikamsikia akiniombea. Ukuta wa muzigo, chumba cha kupanga, hapa Ndeeba, Kampala, ni tofali moja, dua zote zinapita.

Shida ilianzia mezani. Chumba changu kina kitanda, sigiri, madumu mawili ya maji na meza ambayo nusu yake ni ya sahani. Mimi huchora kadi za harusi na mabango kwa wachapishaji wa Nasser Road, na kompyuta yangu ya zamani, refu kama kabati, ilikuwa imekufa kwa mvua ya dari. Nikachukua futi kamba nikapima kati ya flaski na ukuta: sentimita 24. Dukani nikaipima kesi upana, kimo na kina, nikiwa nimekunja uso kama fundi wa majeneza. Vyote hivyo kwa nje. Ndani sikupima kitu.

Mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, haikunisumbua. Ni ya mini-ITX, saizi ndogo, milimita 170 kwa 170, sahani ya wali ni kubwa kuliko hiyo. Skrubu nne, ikakaa. Powasaplai, kisanduku cha kugawa umeme, nayo ikaingia, ingawa nyaya zake zilijaa mle kama matumbo ya mbuzi siku ya Idi. Balaa lilikuwa feni ya kupoza prosesa, ubongo wa kompyuta.

Prosesa niliyonunua ni ya AMD, ya bei ya chini, ya wati 65, na ndani ya boksi lake kulikuwa na feni ya bure. Fupi, haifiki sentimita 6. Nikaidharau. Feni ya bure ni ya wanaoanza, nilijiambia, mimi niliyeanza wiki ileile. Nikampa mjukuu wa mama mwenye nyumba achezee, nikanunua mtumba ya aina ya mnara, yenye mabomba manne ya shaba yanayong'aa kama tarumbeta za brasibendi. Kimo chake milimita 155. Karatasi ya kesi, ambayo niliisoma nilipokwisha kufunga kila kitu, ilisema mwisho ni 80.

Zilizozidi ni 75, sawasawa na kidole changu cha shahada. Najua kwa sababu nilikisimamisha pale. Kifuniko kilikuwa kimekaa juu ya feni kama kofia ya mtoto kichwani kwa babu.

Mwenye akili angekwenda kumbembeleza yule mtoto. Mimi nilikwenda Katwe. Pale ni jirani, na mafundi wake wakikosa kukutengenezea kitu cha chuma, basi kitu hicho hakitengenezeki. Kwanza nikatoa vyombo vyote, maana unga wa chuma ukiangukia mazabodi unaunganisha njia za umeme zisizopaswa kukutana. Hilo nililijua. Nikachora duara kwenye kifuniko kwa kalamu, nikapanda boda na kesi tupu mapajani.

Fundi alikuwa mzee mwenye miwani iliyoungwa kwa waya.

"Ssebo, toboa hapa feni ichomoze. Juu yake weka kitu cha kuikinga. Na hiki kifuniko kinacheza, nataka kesi ifungwe kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa, mzee wangu."

"Rudi saa kumi."

Saa kumi nikaikuta kesi mezani kwake ina bomba la moshi. Alilikata kwenye debe la mafuta ya kupikia, ua la alizeti bado linacheka ubavuni. Na kifuniko kimepigwa ribiti kuzunguka pande zote. Nilizihesabu: 22.

"Chuma chenyewe karatasi," akasema, "ningekichomea kingetoboka. Lakini hizi ribiti, hata mwizi atachoka." Akaitikisa kesi karibu na sikio langu. Kimya. Kweli haikucheza.

"Mzee, sasa vyombo nitavipitishia wapi?"

Akaitazama kesi. Akanitazama mimi. Akainama, akachungulia ndani ya bomba.

"Hapa?"

Kuifunga ilikuwa elfu ishirini. Kuifungua, drili na jasho, elfu thelathini. "Kesi ikishafungwa," aliniambia bila hata kutabasamu, "kuifungua tena kuna gharama zake."

Nyumbani nikafunga mnara wangu, nikashusha kifuniko taratibu. Tundu likashukia kwenye powasaplai. Wakati wa kuchora lile duara nilikuwa nimekishika kifuniko nyuma mbele.

Nikaenda kumtafuta mtoto. Feni alikuwa ameifanya usukani wa gari la dumu, na ile dawa ya kijivu inayopakwa chini yake kiwandani ilikuwa ukutani kwa bibi yake, vidole vitano vitano, mpaka alipofikia urefu wake. Aliniangalia kama mfanyabiashara mkubwa. Tukakubaliana rolex mbili, zile chapati za kuviringishia mayai, moja ya mayai matatu.

Nikaifuta feni, nikapaka dawa mpya, tone kama punje ya choroko, nikafunga. Kifuniko kikashuka chenyewe. Nikabonyeza, feni ikazunguka, kioo kikawaka.

Mama mwenye nyumba akaja kusimama mlangoni.

"Kumbe ndiyo hii kesi?"

"Ndiyo hii, mama."

"Iko inakula umeme wa Yaka?"

"Kidogo tu."

"Na hilo bomba?"

"Bomba halina kazi, mama."

Akasogea, akaweka kiganja juu ya alizeti, akakiacha pale kwa muda.

"Iko inatoa joto," akasema. "Mvua ikinyesha nitaleta mihogo."

Ameshaleta mara mbili.